Kidonge cha Saa Tisa

Bibi arusi alitoka mlangoni kwa Wubit, jirani yetu, akavuka kizingiti, akateremka ngazi za mawe, na hakuna aliyepiga kigelegele. Ilikuwa Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, siku ambayo mji wetu mzima hufunga ndoa, maana wakati wa Hudade, mfungo mkuu, hakuna harusi. Ngoma zilikuwepo. Wanawake walikuwepo, weupe kwa shuka zao za pamba kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Lakini kigelegele cha kwanza hakikuwa haki ya yeyote kati yao. Miaka yote niliyokaa mtaa huu kilikuwa cha Tirngo, na wengine walikifuata kama kuku wanaofuata punje. Basi wote wakageuka kumtazama.

Tirngo alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya turubai, shuka ameizungusha shingoni, mikono imelala mapajani. Akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa pumzi nzito, kama mlango unaosukumwa juu ya changarawe. Akaufunga.

Bibi arusi alikuwa amekwisha kupanda gari.

"Amezeeka," mtu akasema nyuma yangu.

"Hajatimiza hamsini," Wubit akajibu bila kugeuka. "Aliyezeeka ni mama yako, na bado anasengenya."

Huku juu milimani Gojam rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, si habari. Nusu ya bibi zetu walizikwa nalo, na wengine walilivalia ushanga. La Tirngo lilikua taratibu tangu alipojifungua binti yake wa mwisho, hadi likaanza kumbana koo, akawa analala ameketi, kichwa kimeegemea ukuta. Mumewe, Alehegn, fundi cherehani wa sokoni, mtu mwembamba mwenye pini mdomoni hata siku za ibada, ndiye aliyempeleka hospitali ya mkoa. Huko madaktari walisema tezi yote ya shingo lazima itoke.

Siku moja kabla ya upasuaji Tirngo aliweka nadhiri. Alimwambia Mariamu wa Kidane Mihret, kanisa letu, kwamba akiamka na sauti yake, atashika mifungo yote saba ya mwaka, hata ile wanayoshika mapadri peke yao, na siku ya mfungo hataonja kitu, hata maji, kabla ya saa tisa alasiri. Hakumwomba uzima. Aliomba sauti. Aliamka, na siku ya tatu akaomba kahawa, na wauguzi wa wodi ya pili walimsikia.

Daktari wake aliitwa Seblewengel, Dokta Seble, mwanamke kijana aliyekuwa akizungumza na wagonjwa huku akiwashika kiganja, akiwaita kwa heshima Etiye, dada, na Gashe, kaka.

"Etiye Tirngo, tezi hatuna tena. Kazi yake itafanywa na kidonge hiki. Kila siku, kabla ya kula, maisha yako yote."

"Hata Pasaka?"

"Hata Pasaka."

"Basi kina imani kuliko mume wangu."

Alehegn aliniambia kwamba walicheka wote watatu, na kwamba baadaye alikikumbuka kicheko kile kama mtu anavyokumbuka chakula alichokula kabla ya kuugua.

Hudade ilianza wiki chache baadaye. Tuliona Tirngo akipungua, ingawa mwili wake ulikuwa unaongezeka. Uso ulivimba hadi macho yakawa madogo. Alivaa sweta ya Alehegn juu ya gauni, na shuka juu ya sweta, na bado alikaa karibu na jiko akitetemeka. Ngozi ya mikono ilikauka kama gome. Ukimuuliza jambo, jibu lilikuja baada ya wewe kusahau swali. Tukasema ni mfungo, ni kidonda cha shingo, ni huzuni ya damu iliyomwagika. Wiki ya mwisho ya mfungo alipimwa damu, na karatasi ilipokuja, Alehegn aliisoma mwenyewe kwenye baraza ya hospitali. Penye herufi TSH paliandikwa arobaini, na pembeni mashine ilikuwa imechapa kwamba mwisho wa kawaida hauzidi tano.

"Imepanda mara nane," akamwambia Dokta Seble. "Dawa imemzidi. Nipunguze?"

"Usiguse. Gashe Alehegn, ukimwita mtu aliye chumba cha pili, akaitika, unaita tena?"

"Siiti."

"Asipoitika?"

"Napaza sauti."

"Namba hii ndiyo hiyo sauti. Ubongo unaita tezi ifanye kazi. Tezi haipo, anayetakiwa kuitika ni dawa, na haiitiki. Namba ikipanda, dawa haitoshi. Ikizama chini kabisa, dawa imezidi, ubongo hauna haja ya kuita."

"Kwa hiyo kupanda ni kupungua."

"Kupanda ni kupungua."

"Kama hesabu za chama chetu cha mbolea," akasema Alehegn.

Dokta akaongeza dozi kwa nusu, akawaonya kwamba namba ile ni nzito kama ng'ombe aliyeshiba, haigeuki kwa siku moja. Wasirudi na damu kabla ya wiki sita. Pasaka ikapita, ikaja ile harusi ya nyumbani kwa Wubit na kimya chake.

Baada ya Pasaka Kanisa letu huwa na siku hamsini zisizo na mfungo wowote, hata Jumatano na Ijumaa. Mwanzoni tulidhani ni muujiza. Uvimbe ulimtoka usoni, alifagia uwanja kabla jua halijachomoza, akakumbuka majina ya wajukuu wote. Kisha kasi ile haikukoma. Alikonda. Mikono yake ilitetemeka hadi kahawa ikamwagika kwenye trei, na siku moja akamgombeza Wubit kwa sababu ya chekeche, akalia, akamwomba radhi, akamgombeza tena. Alehegn alipoweka kiganja mgongoni mwake alihisi moyo kama ndege aliyeshikwa mkononi.

"Nimechoka na siwezi kulala," alimwambia mumewe. "Niko kama mashine ya kusaga isiyotiwa nafaka. Inajisaga yenyewe."

Damu ikapimwa. Safari hii namba ilikuwa karibu na sifuri. Dokta Seble akamgeukia Tirngo.

"Uliongeza vidonge mwenyewe?"

"Sikuongeza."

"Labda ulisahau kimoja ukameza viwili?"

"Dokta, mimi husahau chumvi. Kidonge sisahau."

Dozi ikashushwa. Na mara baada ya hapo zikaja mvua, na mfungo wa Mitume ukaja pamoja nazo.

Sijui kama niliwahi kuona mtu akizama nchi kavu namna ile. Mvua zetu za masika makuu hufunga milima kwa ukungu, matope hupanda hadi dirishani, na mwenye afya njema huona siku moja ni ndefu kama wiki. Tirngo aliketi ndani yake kama jiwe lililo chini ya mto. Sauti ilizama tena, na safari hii ikazama na maneno. Alianza sentensi akaiacha. Siku moja alisinzia mbele ya sinia la udongo la kuokea injera, mkate wetu mwembamba, mkono wake wa kulia ukaangukia udongo uliowaka, na kilichomwamsha si maumivu, ni harufu. Alehegn alimkuta ameutazama mkono ule kama kitu cha jirani.

Watu walikuwa na mengi ya kusema. Wengine walisema jicho. Wengine walisema walioondoa rovu waliondoa na kitu kingine. Wengine walimwambia Alehegn ampeleke kwenye chemchemi ya maji ya baraka, aviache vidonge nyumbani.

"Nendeni ninyi," Wubit aliwaambia. "Wenye ndimi ndefu nao huponywa kule."

Lakini Wubit naye aliogopa. Jumamosi moja Tirngo alivuka matope hadi kwake, akiwa amebeba gauni lake jeupe la sikukuu, lile lenye msalaba wa nyuzi za kijani kifuani, akaliweka juu ya kitanda.

"Livae wewe."

"Halinienei. Na kwa nini nilivae?"

"Kwa sababu mimi silivai tena."

Wubit alimfuata Alehegn dukani, akasimama mbele ya cherehani mpaka akaacha kushona. "Mkeo anagawa nguo," akasema. "Unajua ni nani hugawa nguo."

Alehegn alijua. Wiki ile ile Tirngo alikuwa amemwambia, kwa utulivu uliomtisha kuliko kilio, "Nirudishe kwa kaka yangu. Oa mwanamke anayekumbuka chumvi."

"Nitakula bila chumvi."

"Sikutanii, Alehegn. Mimi nimekufa, ila bado mnanilisha."

"Na mimi sikutanii."

Wakaenda hospitali tena katika siku za Filseta, mfungo wa Mariamu. Damu ilikuwa imechukuliwa mapema na majibu yalikuwa mezani. Mvua ilipiga bati kwa nguvu hadi Dokta Seble akalazimika kuinama mbele ili asikike.

"Etiye Tirngo, namba ni sitini na moja. Nisikilize bila kukasirika. Dozi hii kwa mwili wako ingeleta namba ya kawaida au karibu yake. Kwanza ulikuwa arobaini. Baada ya Pasaka sifuri. Sasa sitini na moja. Mtu anayepanda na kushuka hivi ni mtu anayeacha dawa, kisha anakumbuka na kuzimeza kwa pupa. Sikulaumu. Wengi huchoka. Lakini ukiendelea hivi, kuna siku utalala na hatutaweza kukuamsha."

"Nameza."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Dokta akanyoosha mkono, akachukua kopo la vidonge kutoka kwenye kikapu cha Tirngo, akatoa kimoja, akakiweka kwenye kiganja cha mgonjwa. Akamimina maji kwenye glasi.

"Kama leo bado hujameza, meza hapa, nikuone."

Tirngo alikitazama kidonge. Hakuinua mkono.

"Meza, Tirngo," Alehegn akasema.

"Siwezi."

Alehegn aliniambia kwamba katika miaka yote ya ndoa hajawahi kumshuku mkewe kwa uongo hata wa kijiko, na pale, mbele ya glasi ya maji, alimshuku. Alihesabu kichwani kila asubuhi ambayo alikuwa ametoka kwenda dukani kabla hajamwona akimeza. Alijiambia: hamezi, anataka kufa, na amenificha. Dokta alikuwa amekwisha kufunga faili.

"Kwa nini huwezi?" Alehegn akauliza, na sauti yake haikuwa ya fundi mwenye mzaha tuliyemzoea.

Tirngo akamgeukia taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba moto unaunguza.

"Saa nne hii, Alehegn. Ni Filseta."

Dokta Seble alifumba macho. Yeye pia alikuwa hajaonja hata maji tangu jana, midomo yake ilikuwa mikavu, na glasi ile aliyoimimina hakuwa ameimimina kwa kinywa chake.

"Unakimeza saa ngapi siku za mfungo?" akauliza.

"Kabla ya kula. Ulivyosema."

"Na unakula saa ngapi?"

"Saa tisa, kengele ikilia."

"Unamezea nini?"

"Telba. Maji matupu tumboni yananichoma baada ya kushinda na njaa."

"Telba ya mbegu za kitani. Nzito?"

"Nzito, ndiyo telba. Nameza, halafu nakula. Injera inakuwa mbele yangu."

"Na kahawa?"

"Kahawa inakuwa tayari. Wubit huja nayo moto kwenye jebena yake."

Dokta akaweka kalamu chini. Kidonge hiki, akasema, kina wivu. Hakitaki mtu mwingine mlangoni. Kikikuta telba, inakinasa kama tope linavyonasa kiatu. Kikikuta injera na kahawa, kinapita tumboni na kutoka bila kuingia kwenye damu. Siku za kawaida Tirngo alikimeza alfajiri kwa maji, na kahawa ya asubuhi, kwa kuwa lazima ikaangwe, itwangwe, ichemshwe, ilikipa kidonge muda wake. Siku za mfungo kidonge, telba na chakula havikuachana hata kwa dakika. Hudade, arobaini. Siku hamsini bila mfungo, na dozi iliyoongezwa bure, sifuri. Mitume na Filseta, na dozi iliyopunguzwa bure, sitini na moja.

"Hukudanganya," Dokta akasema. "Nisamehe. Nilikuwa naongeza na kupunguza dawa ambayo haikuwa na kosa."

Alehegn alicheka kwa sauti, kisha akajifuta macho kwa mkono wa koti. Alidhani yamekwisha.

"Basi kuanzia kesho," Dokta akasema, "alfajiri, kwa maji, mfungo au si mfungo. Mgonjwa hafungwi na mfungo. Muulize padri yeyote."

"Hapana," akasema Tirngo.

Alehegn alimbembeleza njia nzima ndani ya basi. Sote tulimbembeleza nyumbani. Abba Kidanu, baba yake wa kuungama, mzee wa miguu mibovu, aliletwa juu ya nyumbu chini ya mwavuli, akaketi kando ya kitanda na kumbusisha msalaba.

"Binti yangu, Kanisa humfungulia mgonjwa. Hii si huruma yangu, ni sheria."

"Najua, Abba. Lakini sikuliahidi Kanisa."

"Nadhiri ya mgonjwa ninaweza kuifungua."

"Nilimwahidi Mariamu, nikaamka na sauti. Ukiifungua, na rovu utanirudishia?"

"Sauti yenyewe iko wapi sasa?"

Abba Kidanu alijutia neno lile, tuliona usoni mwake. Alimshika mkono ulioungua, akakaa naye, na baada ya muda akasema kwamba anaweza kumwamuru, ila hajui kama mtu aliyeamriwa atameza au atakishika kidonge chini ya ulimi mpaka wageni waondoke. Tirngo akatabasamu kidogo. Alimjua Abba, naye Abba alimjua.

Alehegn alikuwa amesimama mlangoni. Alisema baadaye kwamba hakuwa anafikiri lolote la maana, alikuwa anamtazama mke wake akitoka duniani kwa heshima, na alimchukia Mariamu kwa dakika ile, akaogopa, akatafuta jambo lolote la kusema kabla chuki haijatoka mdomoni.

"Abba," akauliza, "mfungo wa kesho unaanza saa ngapi?"

"Usiku wa manane. Wewe hujui?"

"Najua. Kwa hiyo kati ya mlo wa saa tisa na kulala, akinywa maji havunji kitu."

"Havunji."

"Hata ya kumezea kidonge."

Abba Kidanu alimtazama. Tirngo naye aligeuza kichwa ukutani, akakirudisha.

Walimpigia simu Dokta Seble mlangoni, kwa kuwa ndani mawasiliano hayashiki. Dokta akauliza kama Tirngo huwa anakula tena jioni. Hula, Alehegn akasema, kila mtu hula, baada ya njaa ya siku nzima. Na kahawa ya jioni? Na kahawa. Basi itawezekana, akasema, kama baada ya mlo wa saa tisa hatatia kitu kinywani mpaka wakati wa kulala. Tumbo liwe tupu kwa saa nne. Hakuna chakula cha jioni, hakuna kahawa, hakuna telba. Na iwe hivyo siku zote, za mfungo na zisizo za mfungo, ili namba isiyumbe tena.

Alehegn alirudi ndani akamwambia. Tirngo alisikiliza kwa ule wepesi mdogo uliokuwa umebaki kwake.

"Mlo mmoja kwa siku," akasema. "Miezi na miezi."

"Mlo mmoja."

"Na Wubit atakunywa kahawa na nani?"

"Nitakunywa naye mimi."

"Maskini Wubit."

Akakubali. Lakini kukubali hakukumwinua. Wiki za kwanza zilikuwa mbaya kuliko zote, maana njaa iliongezwa juu ya baridi, na ile namba nzito haikuwa na haraka na sisi. Alehegn alimwangalia kila alfajiri kama anapumua. Hakukuwa na la kumwonyesha, si karatasi, si dalili. Kulikuwa na kidonge kile kinachopotea kinywani kila jioni na uso ule ule uliovimba asubuhi. Mara mbili alimwambia ameshindwa, arudishwe kwa kaka yake. Mara mbili Alehegn aliketi sakafuni kando ya kitanda mpaka akanyamaza. Wubit aliacha kuchoma kahawa jioni kabisa, asije akamtesa kwa harufu, na kwa mwanamke wa mtaa wetu hiyo ni kama kuacha kuongea.

Baada ya Meskel, sikukuu ya Msalaba, damu ilipimwa. Namba ilikuwa ishirini na mbili. Dokta Seble hakugusa dozi. Katikati ya mfungo wa Manabii, mfungo uliotakiwa kumwangusha, ikawa nane. Hakugusa tena.

"Sasa namba inasema kweli," akamwambia Alehegn. "Tuiache iseme."

Tirngo hajarudi mzima. Anakumbuka chumvi, anawajua wajukuu, sweta ameivua. Lakini bado husimama katikati ya chumba akitafuta alichokuja kuchukua, kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia hakikunjiki, na akiongea sauti huanza chini sana, kama inatoka kwenye chumba cha pili. Hutembea taratibu. Nadhiri hajaivunja, na hataki mtu yeyote aizungumzie.

Tuko tena katikati ya Hudade. Tirngo anaishi katika nyumba yake ileile, iliyo nyuma ya mashine ya kusaga, anakula mara moja kwa siku, anameza kidonge chake kabla ya kulala, na damu yake itachukuliwa tena wiki ya pili baada ya Pasaka.